Mkeka Haujengi Nyumba

Tusidanganyane tena. Kamari imeingia Tanga, imevua viatu, imekaa sebuleni, na sisi tunaiandalia chai.

Pita Ngamiani saa nne asubuhi. Pita stendi ya Kange. Shuka Deep Sea wakati vyombo vinaingia na samaki. Nenda Makorora, nenda Mabawa, nenda Muheza kwenye machungwa, nenda Pangani kwenye kivuko. Utawakuta vijana wameinamia simu. Hawasomi. Hawatafuti kazi. Wanasuka mkeka. Asiyesuka mkeka wa mechi anarusha kindege cha Aviator. Na asiye na simu ya kurushia kindege amesimama mbele ya dubwi, sarafu za mia mbili mkononi, anailisha mashine mpaka ya mwisho.

Na wewe unapita. Unasema, "Vijana wa siku hizi." Unakwenda zako.

Vijana wa siku hizi? Huyo ni mwanao! Huyo ni mume wa dada yako! Huyo ni dereva wa bodaboda aliyempeleka mtoto wako shule asubuhi, na hesabu ya tajiri ya leo ameshaipoteza kabla jua halijafika utosini. Mchuma janga hula na wa kwao. Janga hili linaliwa na kaya nzima, na wewe umo kayani.

Kila siku tunalalamika kwamba kamari inakula fedha. Ni kweli inakula. Lakini fedha ni chakula chake cha pili. Cha kwanza ni akili. Kamari haiwezi kukutoa shilingi moja mfukoni mpaka kwanza ikuvuruge hesabu kichwani. Mtu mwenye hesabu timamu hatoi. Ndiyo maana inaanzia huko.

Mtazame mchuuzi wa samaki. Anaijua bei ya changu, anaijua bei ya dagaa, na ukimpunja mia tano soko zima litasikia. Mtazame mkulima wa Muheza. Dalali akiingia shambani kukadiria machungwa, mkulima naye ameshakadiria tangu jana, na habanduki kwenye bei yake. Watu hawa si wajinga. Pwani hii imefanya biashara tangu enzi za majahazi. Hesabu tunaijua.

Sasa mpe mtu huyo huyo simu, mfungulie ukurasa wa kubeti. Hesabu yote imemtoka. Anayegombea mia tano sokoni anatupa elfu kumi kwa timu za nchi ambayo hawezi hata kuionyesha kwenye ramani. Anayemshuku dalali anayemjua kwa jina anaiamini mashine asiyemjua aliyeitengeneza. Nini kimempata?

Amelishwa uongo. Uongo huo una sura zake, nami nataka tuutaje mmoja mmoja, kwa sababu mwizi ukishamjua sura hakuingilii tena kirahisi.

Uongo wa kwanza: "Imebaki kidogo tu."

Unawasikia kila Jumatatu. "Mechi tisa zimetiki, moja imenichania mkeka!" Anasema kwa uchungu, lakini ndani ya uchungu huo kuna furaha. Anajiona amekaribia. Anajiona fundi ambaye wiki hii amekosa kidogo na wiki ijayo atapata.

Nani kakwambia umekaribia? Mkeka uliochanika kwa mechi moja na mkeka uliochanika kwa mechi tisa inalipa sawasawa: sifuri. Hakuna pa kwenda kudai nusu ya malipo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakiongozwa na Luke Clark, waliwapima watu ubongo wakicheza mchezo wa mashine. Wakaona kwamba mchezaji akikosa chupuchupu, sehemu za ubongo zinazoamka pale mtu anaposhinda huamka pia, na hamu ya kuendelea kucheza huongezeka. Umesikia? Umepoteza, lakini ubongo wako unashangilia. Na wanaotengeneza dubwi wanalijua hilo. Picha mbili zinasimama sawa, ya tatu inateleza kidogo. Mtoto wa watu anaruka, "Aah, ilikuwa hii!" Anatia sarafu nyingine.

Uongo wa pili: "Sasa ni zamu yake."

Kindege kimetoweka mapema mara nane mfululizo. Kijana anasema, "Hii inayokuja lazima iende juu." Lazima? Nani kakwambia lazima? Kindege hakikumbuki. Mashine haina huruma ya kusema, huyu maskini nimemla vya kutosha, sasa nimlipe. Kila mzunguko unaanza upya, haujui kilichotangulia.

Uongo huu ni wa zamani, na matajiri wa Ulaya uliwaua kabla yetu. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, gurudumu la bahati liliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walipoona nyeusi imezidi, wakaanza kumwaga fedha kwenye nyekundu, wakisema ni zamu yake. Nyeusi tena. Wakaongeza. Nyeusi tena. Walipoteza mamilioni ya faranga usiku mmoja, kwa sababu waliamini gurudumu la mbao lina haya. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, kijana wa Chumbageni anaamini hivyo hivyo, na kuna watu kwenye WhatsApp na Telegram wanamuuzia "siginali" za kujua kindege kitatoweka lini. Ndugu yangu, anayejua kindege kitatoweka lini ana haja gani na elfu tano yako?

Uongo wa tatu: "Mimi najua mpira."

Huu ndio unaotuumiza zaidi sisi wa Tanga, kwa sababu una ukweli ndani yake. Mpira tunaujua. Huu ni mji wa Coastal Union na African Sports. Coastal Union walitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1988. Pale Mkwakwani kuna wazee wanaoweza kukutajia kikosi kizima cha wakati ule bila kumeza mate.

Lakini kujua mpira si kujua matokeo. Leicester City walianza msimu wa 2015/16 wakipewa odi ya 5,000 kwa 1, na wajuzi wote wa dunia wakawacheka. Wakawa mabingwa wa Uingereza. Kama wajuzi wote wa Uingereza hawakuona, wewe umeona nini ukiwa umekaa kwenye benchi la kahawa Barabara ya Nane?

Tena kuna jambo baya zaidi. Kitendo cha kuchagua mwenyewe kinakulewesha. Mwaka 1975 mtafiti wa Marekani, Ellen Langer, alichapisha jaribio lake la tiketi za bahati nasibu. Tiketi moja iliuzwa dola 1. Baadhi ya watu waliruhusiwa kuchagua tiketi wenyewe, wengine walipewa tu. Baadaye wote waliombwa waziuze. Waliopewa tu walitaka karibu dola 2. Waliochagua kwa mkono wao walitaka karibu dola 9! Tiketi ni ile ile, bahati ni ile ile. Tofauti ni kwamba mkono wangu umegusa, basi najiona bwana wa bahati. Ndiyo maana mkeka unakuachia uchague mechi, uchague nani atafunga, uchague kona ngapi, uchague kadi ngapi. Unapewa uchaguzi mpaka unachoka, ili ukiliwa usiseme umeibiwa. Useme, "Nimekosea kidogo, wiki ijayo narekebisha."

Uongo wa nne: "Nirudishe tu hela yangu, kisha naacha."

Hapa ndipo wanapokufa. Amepoteza elfu ishirini. Anaweka elfu ishirini nyingine kurudisha ile ya kwanza. Sasa anadaiwa na nafsi yake elfu arobaini. Anaweka elfu arobaini. Mfa maji haachi kutapatapa. Kamari ni dema. Samaki anaingia kwa mlango mpana, hasukumwi na mtu, anafuata chambo. Akitaka kutoka, kila anakopapasa ni ufito. Na kadiri anavyohangaika ndivyo anavyozidi kuingia ndani.

Hela uliyoliwa haipo. Si yako tena. Imeshalipa mshahara wa mtu, imeshalipa tangazo, imeshalipa kodi. Hakuna mahali ilipokaa ikikungoja. Maji yakimwagika hayazoleki, na wewe unachota mengine ndooni kwenda kuyatafuta yale ya jana.

Uongo wa tano: "Fulani si kashinda?"

Ndiyo, kashinda. Picha yake iko kwenye bango, ameshika hundi kubwa kuliko kifua chake. Redio imemhoji, mtaa mzima umemsikia. Lakini nionyeshe bango la aliyeliwa. Nionyeshe redio iliyomhoji mama aliyekuta mtaji wa vitumbua umekwenda na mkeka wa mume. Nionyeshe picha ya kijana aliyeuza pikipiki ya mkataba kabla haijawa yake. Hazipo. Washindi wanaonyeshwa, walioliwa wanafichwa, na wewe unahesabu unachoonyeshwa. Bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi.

Hata kumbukumbu yako mwenyewe inakudanganya. Siku uliyoshinda laki moja unaikumbuka kwa tarehe, kwa saa, kwa shati ulilovaa. Siku ulizoliwa elfu mbili mbili, mwaka mzima, umezikumbuka ngapi?

Sasa tufanye hesabu. Twende taratibu, usiruke mstari.

Chukua mechi ambayo timu mbili ziko sawasawa kabisa, sare haihesabiwi. Nafasi ya kila moja ni nusu kwa nusu. Kwa haki, ukiweka 1,000 na kushinda, ulipwe 2,000. Yaani odi ya 2. Lakini kampuni haitakupa 2. Itakupa, tuseme, 1.90. Mia moja imebaki kwake. Unasema, mia moja ni nini? Bandu bandu huisha gogo.

Sasa suka mkeka wa mechi kumi za namna hiyo. Kwa haki, 1,000 yako ingelipwa 1,024,000, kwa sababu nafasi ya kupatia zote ni moja kati ya 1,024. Kwa odi ya 1.90 kila mechi, utalipwa kama 613,000. Ile mia moja ndogo imezaana mara kumi, na sasa kampuni imekata karibu laki nne katika kila milioni uliyostahili. Kodi ya ushindi bado hujakatwa. Wewe unaiona 613,000 unasema, "Elfu moja tu imezaa yote haya!" Huoni 411,000 iliyokatwa mbele ya macho yako. Kadiri mkeka unavyokuwa mrefu ndivyo makato yanavyonona. Ndiyo maana unabembelezwa uongeze mechi.

Na jakipoti? Mechi 13, kila moja ina majibu matatu: nyumbani, sare, ugenini. Namna za kuujaza mkeka huo ni 1,594,323. Namna moja tu ndiyo sahihi. Ujuzi wa mpira utakupunguzia kidogo, sikatai. Lakini bado umesimama mbele ya mlima na kijiko.

Kindege je? Mchezo wa Aviator ulitengenezwa na kampuni ya Spribe, ukaingia sokoni mwaka 2019. Watengenezaji wenyewe wanasema wazi: kwa wastani unarudisha asilimia 97 ya dau. Kijana akisikia 97 anacheka, anasema hiyo ni karibu yote. Haya. Weka 1,000 izunguke. Mzunguko wa kwanza, kwa wastani, zinabaki 970. Zizungushe zote tena. Ukifika mzunguko wa mia, kwa wastani zimebaki kama shilingi 48. Arobaini na nane! Na mizunguko mia haichukui hata siku moja. Kila mmoja ni wa sekunde chache. Wazee wetu walinunua tiketi ya Bahati Nasibu ya Taifa, wakaiweka kabatini, wakasubiri droo. Walikuwa na muda wa kulala, kuswali, kusali na kutafakari. Kijana wetu hana hata muda wa kupumua kati ya kupoteza na kupoteza.

Mnaambiana, "Leo tunampiga Mhindi." Mhindi gani? Hakuna Mhindi aliyekaa pale anaogopa ubeti wako. Upande wa pili kuna kompyuta na wataalamu wa hesabu wanaolipwa mshahara, washinde Simba washinde Yanga. Wao hawabahatishi. Anayebahatisha ni wewe peke yako.

Sasa tazama matokeo, maana hapa hatuzungumzi nadharia.

Mwendesha bodaboda analeta hesabu pungufu leo, pungufu kesho, siku ya tatu tajiri ananyang'anya pikipiki. Amekuwa mtembea kwa miguu, na deni juu. Anakopa kwenye simu. Mkopo wa simu anaubeti. Anakwenda kwa kausha damu, anaweka rehani televisheni, kitanda, kadi ya benki ya mama yake mstaafu. Mama alikuwa na zamu ya kijumbe mwezi huu, zamu imekwenda. Ada ya mtoto imekwenda. Ng'onda za mchuuzi zilinunuliwa kwa mkopo na mauzo yake yameliwa na timu ya Uturuki. Usiku simu haizimwi. Kuna mechi Brazil. Asubuhi kijana anakwenda baharini hajalala. Anakwenda kazini hajalala. Au haendi.

Kisha uongo unahama kutoka simuni unaingia nyumbani. "Hela nimeibiwa." "Hela nimemkopesha rafiki." "Mshahara umechelewa." Nyumba ikishaanza kuishi kwa uongo, talaka iko barazani inavua kandambili.

Na watoto wako wanatazama. Sheria inasema asiye na miaka 18 hachezi. Sheria nzuri. Lakini wewe na mimi tumeona mashati meupe na kaptula za shule mbele ya dubwi, tumeona hela ya andazi inaingia pale. Tulifanya nini? Tulimuuliza mwenye duka? Tulimwita mwenyekiti wa mtaa? Tulipita. Samaki mkunje angali mbichi, na sisi tunasubiri akauke ndipo tulie.

Tanga inajua uraibu ni nini. Mji huu unaujua unga. Unaijua arosto. Tuliwaita mateja, tukawafukuza, tukawapiga, mpaka baadaye sana tukakubali kwamba ni wagonjwa, na nchi ikaanza kuwapa methadoni pale Muhimbili mwaka 2011. Sasa sikia: mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliiweka kamari kwenye sura moja na uraibu wa dawa za kulevya. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 nayo inaitaja. Kijana anayetetemeka mkono akikosa bando la kubetia si mpuuzi tu. Anaumwa. Je, tungoje tena miaka mingapi, tuzike tena wangapi, ndipo tuone?

Utaniambia, "Lakini wanalipa kodi." Ndiyo wanalipa. Kodi ya michezo ya kubahatisha ilikuwa takriban shilingi bilioni 33 mwaka wa fedha 2016/17, ikafika takriban bilioni 170 mwaka 2022/23. Serikali inaitangaza kama mafanikio. Mimi nauliza: hiyo kodi imetoka mfukoni mwa nani? Kampuni haichimbi dhahabu, hailimi mkonge, haivui samaki. Kila shilingi yake ni shilingi iliyotoka kwa mtu aliyeliwa. Ukishangilia bilioni 170 za kodi, umeshangilia kilio cha nyumba ngapi?

Utaniambia, "Lakini wanasaidia mpira." Ndiyo. Mwaka 2017 SportPesa iliingia Simba na Yanga. Mwaka 2022 M-Bet ilitangaza kuipa Simba shilingi bilioni 26.1 kwa miaka mitano. Fedha nzuri. Lakini mtoto wa miaka saba anayevaa jezi ya timu yake amevalishwa tangazo la kamari kifuani, na baba ndiye aliyemnunulia. Waingereza, ambao ligi yao ndiyo inayojaza mikeka yetu, wameanza kuona haya. Mwaka 2023 klabu za Ligi Kuu yao zilikubaliana kuondoa kampuni za kamari kwenye vifua vya jezi mwishoni mwa msimu wa 2025/26. Wenye mpira wao wanajivua. Sisi tunajivika.

Jirani zetu nao wameshtuka. Kenya mwaka 2019 iligoma kuhuisha leseni za kampuni nyingi za kubeti. Aprili 2025 ikasimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Hatua zao hazikumaliza tatizo, lakini angalau walipiga kelele. Sisi tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha tangu mwaka 2003, na Bodi yake. Sheria hiyo ilitungwa wakati kamari ilikuwa na mlango, unaingia na unatoka. Leo kamari imo mfukoni, inalala na wewe kitandani. Sheria ya mlango haitoshi kwa kitu kisicho na mlango.

Na kwa nini Tanga? Kwa sababu hapa tamaa imekuta njaa. Mkonge uliolisha mji huu ulianguka bei, mashamba yakalala. Kiwanda cha mbolea kilifungwa, na vingine vikafuata. Kijana amekulia kwenye hadithi za mji uliokuwa na kazi. Anapoambiwa kuna njia ya elfu moja kuwa milioni, usitegemee acheke. Ataamini, kwa sababu anahitaji kuamini. Na sasa bandari imechimbwa kina, bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani hapa hapa kwetu. Mishahara inakuja. Itaishia wapi, kama vichwa vya wanaoipokea vimeshaharibiwa hesabu?

Sheikh wangu, Sura ya Al-Maida, aya ya 90, imeitaja kamari pamoja na ulevi. Unaijua kuliko mimi. Mara ya mwisho kuisomea mimbarini ilikuwa lini? Padri wangu, mchungaji wangu, sadaka imepungua na unashangaa? Mwalimu wangu, hesabu ya nafasi unafundisha kwa mipira myekundu na ya bluu ndani ya kapu. Wafundishe kwa mkeka! Waonyeshe 1,024 na 613. Diwani wangu, dubwi lililo jirani na shule umeliona kwenye kata yako au unasubiri niandike jina la mtaa?

Na wewe mzazi, acha kucheka kijana akikwambia leo kaliwa. Acha kumsifu akishinda. Ukipokea laki ya mkeka na kuiita baraka, umemfungulia mlango wa kurudi.

Na wewe unayebeti, mgosi wangu, sikutukani. Umedanganywa na watu wanaolipwa kukudanganya. Lakini nakuomba jambo moja, na usiponisikia hili basi tusilaumiane. Omba taarifa ya miamala ya simu yako ya miezi sita. Kaa chini na kalamu. Kila shilingi iliyokwenda kwenye kubeti iandike upande mmoja. Kila iliyorudi iandike upande wa pili. Usikadirie. Usikumbuke. Andika. Kisha mwite mkeo, au mama yako, au rafiki asiyebeti, umwonyeshe karatasi hiyo. Mpe na laini ya simu aishike. Siri ndiyo nguvu ya ugonjwa huu. Ukishasema kwa sauti, umeanza kupona.

Bodi na Wizara ya Fedha, sisi wa pwani tunawaambia bila kupepesa. Ondoeni matangazo ya kamari kwenye redio mchana, watoto wakisikia. Ondoeni majina ya kampuni za kamari kwenye jezi. Wekeni kikomo cha dau kwa siku, kinachobana kila kampuni. Ng'oeni madubwi mitaani. Na katika hizo bilioni mnazokusanya, tengeni fungu la kuwatibu mliowatoza. Hospitali zetu zina wagonjwa wa kamari wasiojua kwamba ni wagonjwa, na wauguzi wasioambiwa kwamba huo ni ugonjwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu umeshakuwa mpana kiasi cha mtu kupita.

Kampuni za kamari hazijawahi kubahatisha hata siku moja. Wanaobahatisha ni sisi, na dau letu ni watoto wetu. Watu wa Tanga, rudisheni hesabu vichwani, kabla hamjabaki na vichwa bila cha kuhesabu.